Vibandiko Mia Tatu

4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya cha miezi saba. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Niliona aibu kukuandikia barua isiyo na habari njema, na habari njema zilichelewa. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, naye anakuamkia.

Nimepandishwa cheo. Kwa miaka tisa nimesimama kwenye mkanda unaopitisha taka, nikizichambua. Sasa mimi ndiye mkaguzi wa marobota. Plastiki iliyochambuliwa hubanwa na mashine na kufungwa kwa waya, ikawa robota linalonifika kifuani. Kazi yangu ni kulikagua kila robota kabla halijafungwa, kisha kulibandika kibandiko chenye jina na saini yangu. Pasipo kibandiko, lori haliondoki. Tumepewa pia nyumba ya kiwanda, vyumba viwili, nyuma ya mizani ya malori.

Mkuu wa wachambuaji ni mama mmoja tunayemwita Mama Chupa, kwa kuwa huibonyeza chupa akaitambua plastiki yake kwa mlio tu. Amenitania: "Haya, bosi, tulizoea unanuka kama sisi. Sasa utanuka karatasi."

Kuna jambo moja dogo. Meneja wetu hapendi kusubiri, hata wachambuaji wamempachika jina la Chapuchapu. Ameniomba nivitie saini vibandiko vingi kwa pamoja, ili mashine isiningojee. "Kwani mkono wa leo na wa kesho si ule ule?" alisema. Nimetia saini mia tatu kwa siku moja. Anavitunza yeye katika saraka ya meza yake. Wewe waonaje?

Mwanao.


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kimya chako nimekisamehe, ila usikirudie. Goti huuma nikisimama, kwa hiyo nakaa.

Nimefurahi. Marehemu kaka yangu, baba yako, hakuwahi kulala chini ya bati lisilovuja. Wewe una nyumba, na mtoto wako atazaliwa ndani yake.

Kuhusu vibandiko, usijitese. Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, na siku moja niliitia saini chati ya mgonjwa kabla sijampima, kwa sababu daktari alikwisha kufika mlangoni. Hakuna aliyekufa. Mtii meneja wako. Mwenye mke mjamzito habishani na anayempa nyumba.

Shangazi yako.


2 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya tena, nawe ulinikataza. Nakutakia nafuu ya goti. Mke wangu amevimba miguu, lakini ni mzima.

Mwezi Machi, Chapuchapu alinihamishia kwenye mizani, mbele ya kiwanda. Mashine ya kubana iko nyuma. Nilimuuliza nani atakagua marobota. "Wewe huyo huyo. Saini zako ninazo."

Mwezi Aprili lilianza kuja gari lililofunikwa turubai. Nililipima mwenyewe, nikachungulia chini ya turubai: lilikuwa na taka za hospitali, zinazotakiwa kuchomwa. Lakini tanuri letu limeharibika tangu mwaka jana. Nilipouliza, niliambiwa nihesabu magari, nisihesabu yaliyomo.

Wiki iliyopita Mama Chupa aliniita uani. Alikuwa amelipasua robota moja pembeni. Nje zilikuwa chupa safi. Katikati mlikuwa na sindano, mirija na bandeji zenye damu. "Zimebanwa humo kama nyama ndani ya andazi," alisema, "na jina lako juu."

Siku mbili baadaye ilikuja barua kutoka kwa wanunuzi wetu. Mchambuaji wao, mwanamke, alichomwa na sindano kiganjani alipokuwa akilifungua robota kwa mikono. Anasubiri majibu ya damu. Ndani ya bahasha walikuwa wamerudisha kibandiko changu.

Chapuchapu alikigeuza mbele yangu. "Hili jina la nani? Langu?"

Katika saraka yake vimesalia zaidi ya vibandiko mia. Shangazi, nikiacha kazi leo, saini yangu itaendelea kwenda kazini bila mimi. Nikibaki, nitakuwa namfungulia Chapuchapu mlango. Nifanye nini?

Mwanao.


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Nilikuandikia kwamba hakuna aliyekufa. Nilisema uongo. Mgonjwa yule alifariki kesho yake. Joto nililoliandika kwenye chati halikuwa lake. Nililinakili kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakuna aliyeuliza, nami sikusema, hadi nikastaafu kwa shada la maua na hotuba.

Ushauri niliokupa ulitoka hapo. Naufuta.

Yazuie marobota yaliyobaki kabla watu wengine hawajatia mikono humo. Chumba cha nyuma kina kitanda. Mkeo aje kwangu.

Shangazi yako.


24 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea mke wangu. Hatukuhukumu.

Marobota kumi na moja yalikuwa uani yakingoja lori. Nilichukua mkasi wa waya, nikayakata yote mbele ya wapakiaji na madereva. Chupa zilimwagika kwanza, halafu yale mengine. Mama Chupa alisimama katikati na ufagio wake akipiga kelele: "Wenye ndala, nyuma! Nyuma, nasema! Unataka kuokota nini, wewe, pete ya uchumba?" Watu walicheka, kisha wakaona sindano, wakarudi nyuma.

Chapuchapu alifika akihema. Hakupaza sauti. "Umejimaliza mwenyewe," alisema.

Nimesimamishwa kazi. Mlinzi amewekwa mlangoni petu. Eti ni kwa usalama wangu. Jana wameniletea karatasi inayosema kwamba nilizibana taka zile kwa siri, peke yangu, bila uongozi kujua. Nikiitia saini, yataishia hapa: nitarudi kwenye mkanda, na nyumba haitachukuliwa. Nikikataa, watapeleka vibandiko vyangu polisi. Nina mdomo mmoja. Wao wana saini mia tatu.

Ningeweza kujidanganya kwamba karatasi hii inanihusu mimi tu. Lakini leo asubuhi, nikiwa dirishani, nimeliona gari la turubai likipanda tena kwenye mizani. Nikisaini, hakuna atakayeliuliza lolote.

Nimemwambia mke wangu aje kwako. Amekataa. "Nikiondoka utasaini kwa ajili yangu," amesema, "halafu utanichukia maisha yako yote." Mchana kutwa amekuwa akiiweka kalamu juu ya karatasi, akiiondoa, akiirudisha.

Wamenipa hadi Jumatatu. Nikishaamua, utaandikiwa. Ukiona bahasha ina mwandiko wangu, ujue nimesaini. Ukiona mwandiko ni wa mke wangu, ujue nimekataa, na kwamba nilipo sina kalamu.

Mwanao.