Gari ya Baba Ilivyoruka Bwera

Bwera, 9 Agosti 2014

Dada Naimah,

Pokea salamu za fundi mkubwa kuliko wote hapa Bwera, na usicheke. Mbuzi wako amezaa mapacha, sura mbaya kama wewe. Mama anakula kidogo kidogo.

Kwenye simu uliuliza kama Baba alizikwa vizuri, nikasema vizuri kabisa. Nilikudanganya.

Tulimleta kutoka Kasese kwa gari yake mwenyewe, ile inayoshtuka-shtuka ikienda polepole. Alikuwa ameniomba niitazame. Nikabadilisha plagi tu, nikajisifu kwamba imepona. Kwenye barabara kuu ilikimbia sawa. Lakini Bwera watu walishuka kusindikiza kwa miguu, nikapunguza mwendo, ikaanza kuruka. Jeneza likagonga mlango wa nyuma.

"We fundi wa mdomo!" Baba mdogo Musitafa akafoka. "Baba yako si gunia la kahawa! Zima!"

Wakamtoa, wakambeba mabegani, wakaniacha.

Kwa aibu nikafungua boneti. Kumbe mpira wa kupitisha hewa kwenye injini ulikuwa umepasuka. Nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, injini ikatulia tuli. Nilifurahi, Dada, wallahi. Nikaiendesha taratibu hadi makaburini ili Baba mdogo aone.

Nikakuta watu wananawa udongo wa kaburi mikononi.

Mama, kwa kuwa wanawake walibaki nyumbani, anadhani ni mimi niliyeshuka kaburini kumpokea Baba. Kila asubuhi ananishukuru. Usimwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Hakim