Sura ya Twaha Ukutani kwa Venance

Jumamosi, 3 Agosti 1996
Wifi Nusaiba kaja na habari mbaya. Saluni ya Venance imepigwa X nyekundu! Barabara inapanuliwa, tingatinga linakuja. Moyo umenilipuka paa! Ukuta ule ndio wenye sura ya mume wangu. Twaha alikuwaga hataki kabisa kupigwa picha, hata ya harusi kainamisha kofia. Mie mchoraji, anasema, nitajichora mwenyewe. Na kweli kajichora, kwa Venance, kakaa kitini ananyolewa, anacheka. Basi. Sura yake nyingine hakuna. Chausiku wetu ana miezi saba — atamjuaje baba yake?
Na mie niko eda ya Twaha, mlango sivuki. Bado siku thelathini na moja. Hatua mia mbili tu kutoka hapa, na siwezi kwenda!

Jumapili, 4 Agosti
Kaka Anwar kaniletea kamera yake kutoka Kimbiji, na mikanda miwili. Karudi zake hapohapo, ana safari.
Nimemwambia mama mkwe nitajifunika gubigubi, nitoke dakika tano tu. Wee! Jicho alilonikata! Mwanangu ana haki yake, Zubeda, anasema. Mie eda ya baba yake niliimaliza, mlango sikuujua.
Haya. Atakwenda Nusaiba. Nimemwonyesha pa kubonyeza.

Alhamisi, 8 Agosti
Picha zimetoka kusafishwa Buguruni. Ishirini na nne. Nimelia kwa hasira! Nusaiba na gauni la bluu. Venance na mkasi. Venance na mkewe. Watoto wa mtaa mzima. Wote wamejipanga mbele ya Twaha! Namuuliza ukuta wenyewe uko wapi, ananishangaa. Picha haina mtu, wifi? Mkanda uende bure? Kila aliyepita kaomba naye apigwe, angemkataaje. Mtaa mzima umo, mume wangu hayumo. Nikamwambia maneno mabaya, kaondoka analia.
Mama mkwe kachukua moja, kaisogeza mpaka puani. Nyuma ya bega la Venance limetokeza sikio.
"Hili sikio la mwanangu."
Tangu mazishi hajapita njia ile, anazungukia sokoni asiuone ukuta. Nimemwonea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe.

Jumatatu, 12 Agosti
Saa tatu asubuhi. Tingatinga limefika! Limeanza na genge la mwanzo, saluni ni ya nne. Nusaiba hanisemeshi tangu Alhamisi — ulimi wangu huu! Mkanda wa pili umo ndani ya kamera, fundi wa Buguruni keshaupachika. Nikavaa baibui, nikasimama mlangoni. Liwalo na liwe.
Mama mkwe huyo, katoka uani, mikono ina povu la kufulia. Nikajua leo nimekwisha. Kajifuta kwenye kanga, kanyoosha mkono.
"Lete. Nionyeshe pa kubonyeza."
Yeye! Nikamwonyesha. Nikamwambia atazame kwenye kidirisha, asogee karibu, mtu yeyote asisimame mbele. Kaipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Kaondoka na kanga yake mbichi vilevile, midomo inasoma dua.

Saa tatu na nusu. Hajarudi. Naandika nisije nikatoka. Mabati yanalia huko, watu wanapiga kelele. Sijui ameweza kumtazama mwanawe.

Ya Rabi! Kifuniko! Kile cheusi cha kwenye lenzi — sikumwambia akitoe! Kidirisha kiko pembeni ya lenzi, kitamwonyesha kila kitu, naye atabonyeza mkanda mzima, itoke giza tupu. Na hapa hamna mtu wa kumtuma. Nimechungulia dirishani, njia nzima imekimbilia kule kutazama.
Chausiku nimeshamfunga mgongoni. Limenguruma tena, karibu zaidi. Nisamehe, Twaha. Kandambili ya pili iko wapi?