Msokoto Mmoja wa Waya

Jumanne jioni, Kikuyu

Kesho ningeumbuka mbele ya darasa zima. Wiki nzima nimekunja hanga za waya za mitumba kuunda mfano wa kimeng'enya, protini ambayo bakteria wa udongoni huitumia kutengeneza dawa. Nilijiona fundi kweli.

Leo shangazi, anayesokota kamba za kufungia mbuzi tangu utoto wake kule Ihumwa, akauangalia weee. "Mwanangu, mbona msokoto huu mmoja umeupeleka kushoto? Mingine yote inakwenda kulia."

Nilikereka. Shangazi na protini wapi na wapi! Kisha nikafungua kitabu. Misokoto ya protini hii yote huzunguka kulia.

Nikaufumua, nikausokota upya. Afadhali, jamani.

Na leo asubuhi nilimkataza shangazi asiuguse mfano wangu, asije akauharibu.