Divai Niliyoisingizia

Nchelenge, ziwani Mweru
Juni 1955

Dada yangu mpenzi Veronika,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye samaki na nzi wao. Mguu uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila midomo imebabuka kwa chumvi.

Uliniuliza kazi ninayomfanyia huyu Mgiriki, Bwana Yorgo, ni ipi hasa. Ninamnunulia samaki wakavu. Wavuvi wa Mununga na Puta huleta mizigo yao, nami hunusa, huvunja kipande na kutafuna. Kwa kutafuna najua kama chumvi imefika mfupani au imeishia kwenye ngozi. Bwana Yorgo husema pua yangu ni mali. Basi mwezi wa nne homa ilipomwacha yeye hana pua kabisa, hasikii hata harufu ya moshi, akanipa kazi ya pili: kumwonjea divai.

Usishtuke kwanza. Ni divai nyekundu ya bei rahisi, ya Wareno, inayovushwa kutoka Kongo katika machupa makubwa yaliyosukiwa matete, na Bwana Yorgo huwauzia Wazungu wenzake. Sisi weusi sheria ya hapa inatukataza kuinywa. Nilipomwambia hivyo akajibu, "Sheria iko nasema kunywa. Haisemi kutema. Weye utatema."

Kutema kulinifaa na mimi. Sijasahau ulivyoniapisha pombe ilipomuua baba, kwamba kileo hakitapita kooni mwangu.

Siku ya kwanza nilinusa nikasema, "Inanuka divai." Bwana Yorgo akaniuliza, "Na samaki inanuka samaki tu?" Nikasema la, kambale ana harufu yake na perege yake. "Basi," akasema, akanirudishia bilauri. Tangu hapo nikaanza kutafuta, dada, na kutafuta kwenyewe ni raha. Unainamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe uone rangi ya ukingoni: ikielekea zambarau ni changa, ikielekea kahawia imechoka. Halafu unaizungusha na kutia pua. Nimekuta humo masuku ya porini yaliyoiva, majani ya chai, siku moja hata ngozi ya kiatu kipya. Nilikuwa nikidhani uchachu na ukakasi ni kitu kimoja. Kumbe uchachu hutoa mate pembeni mwa ulimi, na ukakasi hukausha ufizi kama umeuma ndizi mbichi.

Muuzaji ni Mzee Ilunga wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mtu mwenye ulimi mkali na koti asilolivua hata jua likiwaka. Upande huu hana mnunuzi mwingine. Alhamisi moja alileta machupa sita. Nilikuwa nimetafuna samaki tangu asubuhi, nikatoka kwenye mizani nikaenda moja kwa moja kuonja. La kwanza, chuma, kama nimelamba jembe. La pili vilevile. Yote sita. Nikatema mbele ya watu wote pwani, nikasema imeharibika.

"Mutoto," Mzee Ilunga akasema, "hii vino nalikunywa leo asubui. Iko muzuri. Weye unajua nini ya vino?"

Bwana Yorgo akaniamini mimi. Akamwambia abebe machupa yake na asirudi tena. Kufikia Jumamosi wanawake wa sokoni walikwisha kusema yule mzee anauza sumu, naye bado anangoja chombo cha kumvusha.

Jumapili nilikwenda misa na njaa yangu, maana nilitaka kukomunika, na samaki hakuwa amegusa ulimi wangu tangu jana yake. Wakati wa kurudi nikampitia mzee pale pwani. Sikuitikiwa salamu. Alimimina kidogo katika kikombe cha bati akanyoosha mkono. Nikaonja, nikatema mchangani. Dada, chuma hakikuwamo. Ilikuwa masuku matupu, na ukakasi kidogo wa adabu.

Udadisi ulinishika kabla ya aibu. Nikaomba kipande cha samaki kwa mama mmoja, nikatafuna, nikaonja: chuma kikaja. Nikasukutua, nikala ugali wa baridi, nikangoja: kikaondoka. Samaki tena: kikarudi. Kwa nini samaki na divai hii vigombane kinywani mpaka vitoe chuma, sijui, na hata Bwana Yorgo hajui. Muulize katekista wa hapo, yeye husoma vitabu.

Ndipo aibu ikaja. Nilikuwa nimemharibia mtu jina kwa kinywa kichafu. Nikaenda kumwambia Bwana Yorgo yote. Akasema, "Kinywa moja, kazi moja. Chagua." Nikachagua samaki, maana hao ndio ninaowajua kweli, ingawa roho iliniuma. Tukashuka pwani wote wawili kuichukua divai.

Mzee Ilunga akakataa. "Weye ulitema mbele ya batu bote," akaniambia. "Batu banasema vino yangu ni sumu. Sasa meza mbele yabo."

Kapaso, askari wa chifu, alikuwa palepale akichagua samaki. Bwana Yorgo akatazama ziwa. Nami nilikufikiria wewe, dada, nikaona pia kwamba nikikitaja kiapo changu mbele ya mzee yule, nitakuwa nimejificha nyuma yako.

Nilimeza. Kapaso akatugeuzia mgongo akaendelea na samaki wake. Mzee Ilunga akachukua kikombe, akamaliza kilichobaki, akawaita vijana wapandishe machupa dukani.

Ni funda moja tu, na sikutaka la pili. Lakini nitakuwa mwongo nikikuambia haikuwa tamu. Nimekuandikia mwenyewe ili usije ukaisikia habari hii kwa msafiri, na tangu siku ile silali vizuri kwa kukuwaza.

Nisalimie shemeji na randa yake, mama mkubwa aliyetulea, na katekista. Ukinijibu, anza barua kwa kuniita mdogo wako kama siku zote. Nikiliona neno hilo, mengine yote unaweza kunigombeza.

Simoni