Kirpal Singh Hakuwa "Wengineo"

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka hapa Mbinga. Wakulima wa Mbuji na Litumbandyosi bado wanafika karakanani na mashine zao za kukoboa kahawa, wakiuliza mlangoni, "Kalasinga yupo?"

Tunakukumbuka ukifunga kilemba mbele ya kile kioo kidogo, ukiimba chini chini. Kila Jumapili ulitandika mikeka uani, ukapika dengu na chapati, na yeyote aliyepita alikula. Mama, Mkatoliki tangu utotoni, alikutania: "Baba Herieth, parokia yako ina waumini wengi kuliko ya padri."

Sisi si watu wa kugombana. Lakini hili hatujalimeza.

Ulipofariki tuliomba kibali cha kukuchoma kwa desturi ya dini yako, kwenye uwanja wa Wahindu, maana Makalasinga hapa hawana wao. Afisa akatujibu, "Dini hiyo hatuitambui. Semeni Mhindu, mambo yaishe."

"Mwanangu," Mama akamwambia, "mume wangu hakukata nywele maisha yake yote ili leo aagwe kama mtu mwingine."

"Kwani Mama, tofauti iko wapi? Wote si Wahindi?"

Akasimama rafiki yako Mzee Jayantilal, kiongozi wa Wahindu wa hapa. "Tofauti naijua mimi, niliyebishana naye juu ya Mungu tangu ujana. Uwanja ni wetu, kuni tunatoa sisi. Ila mkimwita Mhindu, mimi simo."

Ukalala mochwari siku mbili, Baba, kwa sababu ya neno moja. Ya tatu wakakubali. Majivu yako tuliyapeleka ziwani, Mbamba Bay.

Tulidhani wamejifunza. Mwezi uliopita, kwenye maombi ya viongozi wa dini, kiti cha Mzee Jayantilal kilibandikwa "Wahindu na wengineo". Hao wengineo ni wewe. Alipoitwa kuomba, hakwenda. "Mwenzangu ana jina," alisema, akaja kuketi nasi kwenye benchi la nyuma. Shughuli ikaendelea, kiti kitupu mbele ya watu wote.

Mzee Jayantilal, tunakushukuru hadharani. Na waliopanga viti vile tunawauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: kumtaja Kalasinga kungewapunguzia nini?

Unakumbukwa na mkeo Emerensiana, wanao Herieth na Jastin, wajukuu zako, na shemeji zako wote wa Kingerikiti.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba, wala hatutakubali uitwe jina lisilo lako.