Tui Si Maziwa

Norsborg, Stockholm
14 Novemba 2024

Mpendwa kaka Zephania,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, ila baridi imeshatuzoea, na mwanangu Heshima siku hizi ananijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nimwombe radhi Bwana Norbert, mwenyekiti wetu wa jiko, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Kaka, wewe umesikia nusu tu ya habari.

Unajua huu ni mwaka wa tisa napikia jumuiya ya Wayahudi chakula cha Sabato. Nyama yao hutoka nchi za mbali, kwa kuwa kuchinja kwa desturi yao hapa hakuruhusiwi. Inasafirishwa kote huko, halafu kila Jumamosi nusu yake naimwaga mimi. Vijana wao, akina Tiana, wakasema hiyo ni dhambi, kwani Torati inakataza kuharibu hata mti wa matunda wakati wa vita. Wakaniomba nijaribu maharage. Nikapika ya nazi, kama ya mama, ila kwa tui la kopo la dukani.

Watu sitini wameshaketi, Norbert akafunua sufuria, akauliza weupe ule ni wa nini. Kwa Kiswidi tui halina jina lake, linaitwa maziwa ya nazi. Nami kwa haraka nikataja maziwa, nazi ikanibakia mdomoni. Kumbe nimejichongea mwenyewe, kwani kwao maziwa hayaingii kwenye sufuria inayopikiwa nyama, hata siku isiyo na nyama. Akaagiza yote yatupwe.

Nikasimama mbele ya pipa la taka. Nikamwambia, "Mlinifundisha ninyi wenyewe kwamba chakula hakiharibiwi. Someni kopo kwanza."

Mikael, anayesimamia sheria zao za chakula, akalisoma: nazi na maji, basi. Wakala, na wengine wakaongeza. Lakini Norbert hakusahau kwamba mpishi alimjibu mbele ya watu, tena siku ambayo nyama haikuwepo. Kanipa karatasi nzuri niandike msamaha, niulete kesho, la sivyo nisirudi jikoni.

Kosa la ulimi nililikiri siku ile ile. Kusimama mbele ya pipa si kosa, na kwa hilo siombi radhi. Nimeumia, sikufichi, kwa sababu kazi ile naipenda. Hata hivyo mkono huu sitaubusu. Kesho naingia jikoni na maharage yangu na nazi nzima. Mikael anasema desturi yao ya zamani ni kuweka mezani kile kilichotoa weupe, ili asitokee wa kushuku. Basi nitaivunja mbele yao, na kifuu kikae mezani.

Nisalimie Paskalia na shangazi Asteria. Mungu awajalie mvua za vuli na nguvu za kulima.

Naishia hapa, maana karatasi imejaa. Ni ile ile aliyonipa Norbert.

Mdogo wako akupendaye,
Brigitha