Sukari Kwenye Uji wa Mama

Barabara ya Tupelo,
Hollis Crossing, Georgia.
11 Machi 1987

Mpendwa mdogo wangu Lamar,

Habari za Ujerumani na baridi yake? Natumaini goti lako limepona na wakubwa wako jeshini hawakubebeshi mizigo ovyo. Sisi huku ni wazima. Mama ndiyo hivyo, anakwenda polepole. Mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi, lakini jana aliomba tufungue dirisha asikie kwaya ikifanya mazoezi.

Mipichi imeanza kutoa maua. Mjomba Roscoe amelipaka gari lako rangi bila kuuliza mtu, na rangi yenyewe usinitajie.

Sasa Lamar, kaa chini. Najua Charmaine hajakuambia, maana mkeo si mtu wa kusema. Nimemkosea, na afadhali uyasikie kwangu.

Jumamosi asubuhi Bi Lucille na akina mama wa kanisani walikuja kumjulia hali Mama. Nikaingia jikoni niwapikie uji wa chenga za mahindi, nikakuta wifi amekwisha kupika sufuria ndogo. Nikaonja. Sukari! Sukari kwenye uji wa chenga, tena katika nyumba hii isiyoujua ila kwa chumvi na siagi!

Unanijua kichwa changu kikipanda. Niliibeba ile sufuria hadi sebuleni.

"Jamani, njooni mwone maajabu ya Cleveland! Wifi yangu anatupikia uji wa kitoto!"

Wakacheka. Bi Lucille akasema, "Mwache mwenzio, huko kwao mahindi wanayaona kwenye picha tu."

Charmaine akaanza kwa sauti ndogo, "Wifi, huo ni wa..."

"Huo ni wa kuku!" nikamkatiza, nikaenda kuumwaga uani.

Kisha nikapika wa kwangu kwa madaha yote. Maji na maziwa, moto mdogo, mwiko haupumziki mpaka chenga zikalainika kabisa. Chumvi na siagi sikuzionea huruma. Nikaepua kwanza, ndipo nikatia jibini kali niliyoikwangua mwenyewe, maana ikiingia motoni inakatika na kutoa mafuta. Ulitoka laini, mzito, hauna donge hata moja. Wageni walilamba sahani, nami nikampelekea Mama bakuli lake nikitembea kifua mbele.

Mama alifumba mdomo. Nikambembeleza, akageuza uso ukutani.

"Mchungu," akasema. "Nataka ule mwingine."

Kumbe tangu arudi kutoka hospitali, kila chenye chumvi kinamwia kichungu. Charmaine aliligundua hilo kwa kumuuliza tu. Mimi nilikuwa nikirudi kazini nakuta bakuli langu limejaa vilevile, najisemea hamu itarudi, naenda kulala. Kitu pekee alichokuwa akikila mama yetu ni ule uji wenye sukari, nami nikawamwagia kuku huku nachekelea.

Nimeona aibu, Lamar. Hata nikiandika hapa uso unaniwaka. Mtu ameacha kwao aje kumuuguza mama yangu, nami namfanya kichekesho mbele ya wageni.

Nilimwomba radhi jikoni. Akajibu, "Yamekwisha, wifi," lakini sanduku lake liko mlangoni, na keshokutwa anapanda basi kurudi kwao. Jumapili nilisimama kanisani nikawaeleza akina Bi Lucille ukweli wote. Wifi hakunisikia, alikuwa nyumbani anamlisha Mama.

Sikuombi umshurutishe abaki, na barua hii haitawahi. Ninachoomba ni usije ukamlaumu kwamba amemtelekeza mama yako. Mimi ndiye niliyemfukuza kwa mdomo wangu.

Leo asubuhi nilimwomba anifundishe. Akanionyesha kiasi cha sukari na maziwa, bila jibini, akaniachia mwiko. Nikampelekea Mama. Pazia lilikuwa limefungwa, na macho yake siku hizi si mazuri. Alikula mpaka nikakwangua bakuli. Kisha akanishika mkono, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Asante, Charmaine," akasema.

Nikamjibu, "Karibu, Mama."

Mjomba Roscoe anakusalimu sana, na Bi Lucille anasema anakuombea kila Jumatano. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe mlangoni kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Vernelle